Subira yavuta heri, Subira avuta kamba: kuwafundisha watoto wadogo nomino za pekee

Andika ubaoni sentensi mbili, moja chini ya nyingine: "Subira yavuta heri." "Subira avuta kamba." Waulize watoto wa darasa la pili ni sentensi gani inayomtaja mtu. Wanaotazama herufi watakwama, kwa sababu S ni kubwa juu na chini. Wanaosikiliza watajibu kabla hujaweka chaki: ya pili, maana umesema "avuta". Ya kwanza ni subira ya methali, maana umesema "yavuta".

Mara nyingi somo hili la nomino za pekee, yaani majina waliyopewa watu, mahali na vitu fulani, huanzia upande wa pili. Mwalimu anaandika kwamba nomino ya pekee ni jina linaloanza kwa herufi kubwa, watoto wananakili, zoezi linafuata. Mtoto aliyeamini maneno hayo anapewa "Maji yamemwagika" na anapigia mstari "Maji". Hajakosea hata kidogo, amefuata alichoambiwa. Neno haliwi la pekee kwa kuandikwa kwa herufi kubwa. Linaandikwa hivyo kwa sababu ni la pekee tangu lilipotamkwa.

Watoto wa pwani wanaokwenda chuoni kusoma Kurani wana ushahidi wa jambo hili mikononi. Hati za Kiarabu hazina herufi kubwa na ndogo, na Kiswahili kiliandikwa kwa hati hizo kwa karne kadhaa kabla ya hizi za Kirumi kuenea. Msomaji wa enzi hizo alimtofautisha Amani mtu na amani ya nchi bila alama yoyote, kwa sababu sarufi ilimwambia. Mtoto wa miaka mitano asiyejua hata kushika kalamu anayo sarufi hiyo kichwani. Kumsubirisha hadi ajue kuandika ni kumcheleweshea somo ambalo nusu yake anaijua.

Sikio kwanza

Fungua daftari la mahudhurio utafute watoto ambao majina yao ni maneno ya kawaida: Amani, Baraka, Neema, Zawadi, Furaha, Bahati, Riziki, Tumaini, Rehema, Juma. Ni nadra kukosa wanne au watano. Tengeneza jozi za sentensi zinazotofautiana kwa kiambishi cha kitenzi tu:

Amani amerudi. Amani imerudi.
Baraka ameshuka. Baraka zimeshuka.
Tumaini amepotea. Tumaini limepotea.
Juma amepita. Juma limepita.
Bahati amekuja. Bahati imekuja.

Jozi tano au sita zinatosha kipindi cha kwanza. Zikizidi hapo, watoto wadogo huanza kubahatisha. Waambie wafumbe macho. Ukisema sentensi yenye mtu, waweke kiganja kifuani. Ukisema yenye kitu, viganja vibaki mezani. Kufumba macho si mapambo: katika darasa la watoto 50 wenye macho wazi, wawili watatu wa mbele hujibu na wengine wote huiga, nawe unatoka ukidhani wameelewa. Usipange mtu, kitu, mtu, kitu, kwa sababu watashika mdundo badala ya maana. Panga mtu, mtu, kitu, mtu, kitu, kitu. Sema kila sentensi kwa mwendo wa kawaida wa mazungumzo. Ukivuta "aaamerudi" umeshatoa jibu. Dakika saba hadi kumi zinatosha, kisha endelea na jambo jingine.

Wakishajibu vizuri, waulize wamejuaje. Jibu unalolitaka ni la kitoto na ni sahihi kabisa: "Umesema a." Hapo ndipo useme kwamba neno linalomtaja mtu kwa jina lake huitwa jina la pekee. Neno "nomino" linaweza kungoja mwaka mmoja au miwili. Mtoto wa darasa la awali ana mzigo wa kutosha wa maneno mapya.

Mambo mawili huharibu zoezi hili. La kwanza ni kicheko. Kuna watoto wanaoitwa Shida, Tabu, Mashaka, Chuki. Ukitunga "Shida zimejaa nyumbani" siku ambayo Shida amekaa dawati la pili, umemwachia utani wa wiki nzima, na jina lake ndilo kitu cha kwanza alichopewa duniani. Tumia jina ambalo halimo darasani, au mwachie sentensi njema: "Shida amefika."

La pili ni usemaji wa mahali. Kwenye miji ya bara nchini Kenya na sehemu nyingi za Kongo, watoto huzungumza Kiswahili kisichoshika upatanisho sana. Mtoto anasema "mtoto inalia" kama anavyosema "redio inalia". Kwake "Baraka ameshuka" na "baraka zimeshuka" hazina tofauti unayoitegemea. Huyo usimwanzishie majina. Mpe vipindi viwili vya mtoto analia, redio inalia, mbwa amelala, chupa imelala, hadi sikio lizoee kwamba mtu na mnyama huchukua a-. Ukiruka hatua hii, kila kinachofuata kitajengwa hewani.

Pale kiambishi kinaponyamaza

Chukua neno simba. "Simba amelala" ni mnyama. "Simba imeshinda" ni klabu ya Dar es Salaam, na mtoto anayekaa na wajomba zake mbele ya televisheni analijua hilo kuliko mwalimu wake. Atasema pia kwamba watangazaji husema "Simba wameshinda". Mkubalie: hapo wanafikiriwa wachezaji, na wa- huonyesha wengi. Lakini kuna mbwa wengi waitwao Simba. "Simba amekula mkate" inaweza kuwa balaa la mbugani au mbwa wa jirani, na kiambishi hakisemi lolote. Ndivyo ilivyo kwa "Mgeni amefika", maana Mgeni ni jina la mtu pia, hasa Zanzibar.

Hapa uliza swali jingine: wakiwa watatu utasemaje? Wageni wakiwa watatu ni wageni. Ukitaka kumtaja mtu aitwaye Mgeni pamoja na wenzake, husemi wageni, unasema akina Mgeni. Kipimo ni kizuri ila kina mwanya, kwa kuwa tunasema pia akina mama, akina baba na akina dada, maneno ambayo si ya pekee. Kwa hiyo usikifanye kanuni ya kukariri. Kitumie kumfungua mtoto aliyekwama, tena kuanzia darasa la tatu. Mtoto wa miaka sita mwachie jozi zinazosikika wazi.

Mahali na kiambishi -ni

Majina ya mahali yana kipimo chao, na kwangu ndicho kitamu kuliko vyote, kwa sababu watoto hukitumia kila siku bila kujua. Wanasema sokoni, shuleni, mtoni, kisimani, mlimani. Hakuna mtoto anayesema Kisumuni au Morogoroni. Jina la mahali halihitaji -ni kwa kuwa lenyewe ni mahali tayari. Jozi ya kuanzia ni ya jikoni na Kilimanjaro: "Usikae moshini, utaumwa macho." "Shangazi anakaa Moshi." Kisha nenda Tanga: "Tanga limechanika, jahazi haliendi." "Tanga ina bandari." Watoto wa bara huenda hawajaona tanga la jahazi. Chora ubaoni, au kunja karatasi uipachike kwenye kijiti na chombo cha kifuu kwenye beseni la maji. Dakika tano hazipotei.

Zoezi linalofaa watoto wa miaka minane ni kujaza nafasi: nchini ..., mjini ..., kisiwani ..., mkoani ... Watajaza Kenya, Moshi, Pemba, Tanga. Waonyeshe kinachotokea: neno la kwanza limebeba -ni na herufi ndogo, la pili halikubeba -ni na limepata herufi kubwa. Maneno mawili yanakaa bega kwa bega na tofauti yao inaonekana kwa jicho na kwa sikio.

Chunga makosa mawili. Watu husema "naenda benki", "naenda posta", "naenda stendi" bila -ni, na mtoto mwerevu atauliza kama stendi ni jina la pekee. Mwelekeze aulize kinyume: je, -ni inaweza kuingia? Benkini na stendini husikika, Kisumuni haisikiki kamwe. Neno likiweza kupokea -ni ni la kawaida, hata kama watu hawaipachiki kila mara. Kosa la pili hutoka kwenye majina yaliyogandiwa na -ni: Magomeni ya Dar es Salaam, Bondeni na Kilindini za Mombasa. Kilindi ni kina kirefu cha maji, na kilindini ni humo ndani, lakini Kilindini ni bandari. Mwambie mtoto ajaribu kuondoa -ni. "Ametoka bonde" humaanisha kitu kingine, na "anakaa Magome" haimaanishi kitu. -ni hiyo haitoki tena, imekuwa sehemu ya jina. Watoto wa Unguja wana mfano mtamu zaidi: "amekwenda ng'ambo" ni safari ya mbali, "amekwenda Ng'ambo" ni matembezi ya miguu kutoka Mji Mkongwe.

Si kwamba kiko kimoja tu

Maelezo mengine yanayowachanganya watoto ni kwamba nomino ya pekee hutaja kitu kimoja tu duniani. Katika darasa lenye Neema watatu, maelezo hayo hufa mara moja. Neno linalofaa zaidi ni kupewa. Neema alipewa jina, na anaweza kukwambia nani alimpa: bibi, baba, shangazi. Muulize nani aliupa mto jina la "mto". Hakuna. Ule wa Rufiji je? Uliitwa na watu waliotaka kuutofautisha na mito mingine.

Cheza mchezo wa kuita. Sema, "Mtoto, njoo!" Watasimama wote, au hatasimama mtu. Sema, "Neema, njoo!" Watakuja watatu. Ongeza jina la baba, abaki mmoja. Kwa dakika mbili wameona jina la kawaida, jina la pekee, na sababu ya daftari la mahudhurio kuwa na majina mawili au matatu kwa kila mtoto.

Kwa wakubwa kidogo kuna mfano wa meli ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikazamishwa mwaka 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya ikiitwa Liemba. Chuma ni kile kile. Jina ndilo lililobadilika, kwa kuwa jina la pekee hutolewa na watu na watu wanaweza kulibadilisha. Nchi nayo hupewa jina: Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likaanza kutumika rasmi Oktoba mwaka huo huo. Waache watoto wakate silabi: Tan kutoka huku, Zan kutoka kule.

Jina linaweza pia kushuka. Bajaji ya magurudumu matatu imetokana na jina la kampuni ya India, Bajaj. Leo tunasema bajaji tatu, bajaji ngapi, bajaji ya kijani, iwe imetengenezwa na kampuni ile au nyingine. Limekuwa jina la kawaida na linaandikwa kwa herufi ndogo. Swali la "ngapi" ndilo linalolifichua. Rufiji ngapi? Haijibiki. Bajaji ngapi? Nne.

Kalamu inapoingia

Sasa herufi kubwa ina kazi ya kufanya, na ianzie kwenye jina la mtoto mwenyewe. Kata kadi za manila au boksi la katoni, urefu sentimita 30 na kimo sentimita 10. Chora mistari mitatu ya kulala: wa kwanza sentimita 2 kutoka juu, wa pili sentimita 4.5, wa tatu sentimita 7. Herufi kubwa hukanyaga mstari wa tatu na kugusa wa kwanza. Herufi ndogo kama a, e, m hukanyaga wa tatu na kuishia wa pili. Nafasi iliyobaki chini ni ya mikia ya g, j, p na y. Andika kwa kalamu nene, herufi ya kwanza kwa rangi tofauti. Baada ya wiki mbili badilisha kadi uweke ya rangi moja, la sivyo mtoto atadhani rangi ndiyo kanuni na atakusumbua na kalamu nyekundu hadi mwisho wa muhula.

Wengi hufika shuleni wakijua kuandika ASHA. Nyumbani wamefundishwa hivyo kwa sababu herufi kubwa zina mistari iliyonyooka, tena ndizo zilizoko kwenye vibao vya maduka na ubavuni mwa magari. Usiifute kazi ya mama. Andika Asha chini ya ASHA, amwonyeshe mama kadi yote, naye mama atajua mnakokwenda.

Usichague mifano ya ubaoni ovyo. Herufi C, O, S, U, V, W, X na Z zina umbo moja kubwa na ndogo, hutofautiana kimo tu. Ukianza na Salma, Omari na Zuhura, mtoto haoni kilichobadilika. Anza na herufi zenye sura mbili: A, B, D, E, G, H, M, N, R. Asha, Baraka, Hamisi, Rehema. Salma na Omari wafuate wiki ya pili, watoto wakishajua kutazama mstari wa juu.

Kosa ambalo ni la kwetu hasa hutokana na kusoma kwa silabi. Mtoto aliyefundishwa kwamba "mwa" ni kitu kimoja huandika MWajuma. Vivyo hivyo CHausiku, SHabani, NYota. Anafikiri sawasawa: ameambiwa aanze kwa kubwa, naye akaanza kwa silabi nzima. Mwandikie silabi zenyewe zikiwa na kubwa moja: Mwa, Cha, Sha, Nyo, Ng'a. Arudie kila moja mara tano kabla ya kurudi kwenye jina. Kosa jingine linalofanana na hilo kwa mbali ni raBia au maDaftari. Hilo mara nyingi halihusu majina kabisa. Mtoto anachanganya b na d, na amegundua kwamba B na D kubwa hazichanganyiki, kwa hiyo anajificha humo. Shughulikia b na d, usimhesabie kosa la nomino.

Tahajia ya jina la mtu ni ya mwenyewe. Hamisi na Khamis, Mohamed na Muhammad, Faith na Brian, yote yaandikwe kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Mama Neema na mama yake Neema

Mtoto wa kwetu huenda asijue jina la jirani yake. Anamjua kama Mama Neema, basi. Hilo ni jina kamili, analoitwa kila siku, na linaandikwa kwa herufi kubwa mbili: Mama Neema. Lakini "mama yake Neema" si jina, ni maelezo ya uhusiano, na mama hapo ni mdogo. Mtoto hutambua haraka ukimwomba aite: unaweza kusimama mlangoni ukasema "Hodi, Mama Neema!" Huwezi kusema "Hodi, mama yake Neema!" Kinachoweza kuitwa ni jina.

Kipimo hicho cha hodi hufanya kazi kwa vyeo pia. Mwalimu Salma, Shangazi Rehema, Babu Ali, Rais Nyerere: kubwa. Mwalimu wetu, shangazi yangu, babu yao, rais wa nchi: ndogo. Na Mwalimu peke yake, kwa maana ya Julius Nyerere, hupata kubwa kwa sababu Watanzania walimpa cheo hicho kikawa jina lake.

Mkenya na mkulima

Hapa ndipo hata watu wazima huteleza. Mtoto akishashika kwamba majina ya watu ni ya pekee, huandika "Baba yangu ni Mkulima." Amevuka mpaka. Mkulima, mvuvi, mpishi, mwalimu ni kazi, na kazi yoyote inaweza kufanywa na yeyote. Mkenya, Mdigo, Msukuma, Mganda hutokana na jina la nchi au kabila, ambalo ni la pekee, na hulibeba upekee huo. Waandikie safu mbili za maneno yaanzayo na m- kisha waulize: ukiondoa m-, kinachobaki ni jina la nchi au la watu fulani? Kenya, ndiyo. Kulima, hapana.

Baadhi wataandika mKenya na kiSwahili, kwa sababu wameliona jina ndani ya neno. Ni jicho zuri, lipongeze. Kisha eleza kwamba kwetu kiambishi na shina ni neno moja, na kubwa hukaa mlangoni mwa neno: Mkenya, Wakenya, Kiswahili, Mswahili. Kubwa hiyo hubaki hata neno likisifu kitu: vyakula vya Kihindi, ngoma ya Kimakonde.

Kosa la "kiswahili" kwa herufi ndogo limeenea mno, na linaniuma kuliko yote, maana watoto huandika lugha yao kwa unyenyekevu ambao hawaipi lugha nyingine yoyote. Wanaosoma Kifaransa pia, kama watoto wa Burundi na Kongo, wana sababu ya ziada: Kifaransa huandika majina ya lugha, siku na miezi kwa herufi ndogo. Waambie wazi kwamba kila lugha ina kanuni yake, wala wasione moja ni kosa la nyingine.

Yanayopita haraka

Siku na miezi hazina ugumu: Jumatatu, Alhamisi, Januari. Majira hayafuati: masika, vuli, kiangazi na kipupwe ni ndogo. Mtoto aitwaye Jumanne atafurahi kujua kwamba "Jumanne amefika" na "Jumanne imefika" zote ni za pekee, mtu na siku.

Majina marefu hushikwa na kiunganishi kidogo: Bahari ya Hindi, Jumuiya ya Afrika Mashariki, Shule ya Msingi Bondeni. "Ya" hubaki ndogo. Dar es Salaam ina vipande vitatu na cha kati ni kidogo. Mto, Mlima na Ziwa hupata kubwa zikiandamana na jina, kama Mlima Kenya na Ziwa Viktoria, na hurudi kuwa ndogo zikiwa peke yake. Kwa "mkoa wa" na "wilaya ya" utakuta magazeti yakitofautiana. Chagua mtindo mmoja darasani ushikilie huo mwaka mzima, watoto wasihukumiwe kwa ugomvi wa wahariri.

Imla

Pima kwa imla ya sentensi tano, usipime kwa kupigia mistari. Weka kila jina katikati ya sentensi, lisikae mwanzoni, ili herufi kubwa ya mwanzo wa sentensi isilifunike. Kwa mfano: "Jana Simba ilishinda." "Usiku simba alimla mbuzi." "Kesho Mama Neema atakwenda Moshi." "Jikoni moshi umejaa." "Kaka yangu ni mvuvi na anasema Kiswahili." Soma mara tatu: mara ya kwanza wasikilize tu kalamu zikiwa chini, mara ya pili waandike, mara ya tatu wakague. Jihadhari na sauti yako. Walimu wengi husema "herufi kubwa" wakati wa kusoma, au hutua kidogo kabla ya jina, na imla inakuwa imejijibu yenyewe.

Kusahihisha, usiandike jibu juu ya kosa. Weka nukta ya penseli chini ya neno, mtoto atafute mwenyewe kilichoharibika. Katika imla hii sahihisha majina tu, koma na mikwaruzo viache kwa siku nyingine. Wape vizibo vya soda: kila jina alilolipatia peke yake baada ya nukta ni kizibo kimoja.

Wiki mbili baadaye, bila kutangaza, wape sentensi moja: "Wiki iliyopita, juma zima lilipita bila Juma kuja shuleni." Aliyeandika juma dogo kisha Juma mkubwa ameshika. Aliyekosea usimpe mwandiko wa kurudia mara hamsini. Mfumbe macho tena, umsemee kwa mwendo wa kawaida: juma limepita, Juma amepita.